Barua ya Ofisi ya Sensa kuhusu wamiliki wa biashara: sehemu ya mke wangu niijazeje?

Mvita_Ohio

Assalam alaykum, na habari zenu nyote. Namwomba yeyote anayelijua jambo hili anisaidie.

Mimi na mke wangu tuna kampuni ya kufanya usafi maofisini hapa Columbus, Ohio. Ni LLC, yaani kampuni ya dhima yenye kikomo, nusu yangu nusu yake, na tuna wafanyakazi sita tunaowalipa kila baada ya wiki mbili. Jumatatu imekuja barua ya Ofisi ya Sensa ya Marekani, bahasha ina anwani ya Jeffersonville, Indiana. Utafiti wenyewe wanauita Annual Business Survey, na barua inasema kujibu ni lazima kisheria. Nikaingia mtandaoni kwa ile namba ya siri iliyomo baruani, nikafika katikati, nikasimama.

Mwanzoni maswali ni mepesi. Baadaye wanawataka wamiliki mmoja mmoja: jinsia, asili, umri, elimu, kama ulitumikia jeshi, kama ulizaliwa raia wa Marekani, kwa wiki unafanya kazi saa ngapi, biashara uliipataje. Nimekwama hapa:

Kwanza, ni wao kweli au ni matapeli? Mwaka juzi mtu alitupigia simu akijidai ni wa serikali, tukapoteza dola 400. Tangu siku hiyo mke wangu hafungui bahasha yoyote yenye nembo.

Pili, asili. Mimi ni wa Mombasa, Mji wa Kale. Babu mzaa baba alitoka Hadhramaut, bibi ni Mdigo. Nitie alama wapi?

Tatu, na hili ndilo linaloninyima usingizi. Rafiki yangu ananishauri niandike mke wangu ana asilimia 51 na mimi 49, eti kampuni ya mwanamke hupata zabuni za serikali. Halafu kuna saa za kazi. Yeye hunisaidia jioni tu, kwa hivyo nimeweka chini ya saa 20. Kwenye swali la kuipata biashara nimejiandika mimi mwanzilishi, na yeye nimeandika alipewa. Naogopa kukosea kwa sababu wametaja sheria.

Kipanga_wa_Juu

Kaka, mimi ningeichana. Serikali ikishajua asili yako, umezaliwa wapi na biashara yako iko mtaa gani, hujui kesho atakuja nani kuzifungua hizo karatasi. Wajapani wa nchi hii walihesabiwa kama watu wengine, na vita vilipokuja hesabu hizohizo zikatumika kuwatafuta. Hilo halikuzushwa, limo kwenye historia.

Masafa_Marefu

Mimi nina lori langu moja, mwaka wa tisa huu barabarani, sijawahi kupata barua hiyo. Ina maana mimi sihesabiwi? Au ni bahati tu?

Bi_Hesabu

Kaka Mvita, wa alaykum salaam. Niko Minnesota, natunza vitabu vya hesabu vya biashara ndogo, wateja wangu wengi ni watu wa kwetu: wenye vituo vya kulelea watoto, huduma za wazee majumbani, malori, na usafi kama nyinyi. Dodoso hili nimekaa nalo na wateja mara nyingi, kwa hiyo nitaandika kwa urefu. Univumilie.

La utapeli kwanza. Jeffersonville ni mahali halisi, Ofisi ya Sensa ina kituo chake kikubwa cha kushughulikia barua na madodoso pale. Lakini usiiamini barua kwa sababu tu mimi nimesema hivyo. Andika wewe mwenyewe anwani ya census.gov kwenye simu yako, tafuta namba yao humo, upige uulize. Usitumie namba ya baruani mpaka umehakikisha. Na popote watakapokutaka namba ya akaunti ya benki au malipo yoyote, acha hapohapo. Sensa haiombi vitu hivyo.

Ni lazima, ndiyo. Sura ya 13 ya sheria za Marekani, kifungu cha 224, inaweka faini isiyozidi dola 500 kwa kampuni inayokataa kujibu, na isiyozidi dola 10,000 kwa anayejibu uongo kwa makusudi. Ziangalie hizo namba mbili, kaka. Uongo umewekewa mara ishirini ya kukataa. Ushauri wa rafiki yako unaangukia kwenye ile ya pili.

Tena ushauri huo hauna faida hata kidogo. Zabuni za kampuni za wanawake zina cheti chake, kinasimamiwa na SBA, ofisi ya serikali kuu ya biashara ndogo, na huko mwanamke lazima awe anamiliki kweli angalau asilimia 51 na aiongoze kampuni yeye mwenyewe. Watadai mkataba wenu wa LLC. Majibu ya utafiti hayatoki Sensa kwenda kwa SBA kumwombea mtu cheti. Kama nyinyi ni nusu kwa nusu, andikeni 50 na 50. Kwenye majedwali yao kuna kundi la biashara zinazomilikiwa sawasawa na mwanamume na mwanamke, maana kampuni za mume na mke ni nyingi mno nchi hii. Hamtapotea.

Kuhusu asili, jibu ni lako. Hakuna atakayekuja kukupima. Unaruhusiwa kutia alama kwenye visanduku zaidi ya kimoja, ndiyo maana ukijumlisha makundi kwenye ripoti zao unapata idadi iliyozidi jumla ya kampuni. Kwa viwango vya zamani mtu mwenye asili ya Uarabuni alihesabiwa mweupe, jambo lililowaudhi wengi. Machi 2024 serikali kuu ilitoa viwango vipya vyenye kisanduku cha Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini, na ofisi zikapewa miaka kadhaa kubadili fomu zao. Kama fomu yako bado ni ya zamani, weka unavyojijua. Wewe una babu wa Hadhramaut na bibi Mdigo, na wote wawili ni wako.

Ndugu Masafa Marefu, huko si kusahauliwa. Utafiti huu unakwenda kwa kampuni zenye angalau mfanyakazi mmoja wa mshahara, tena kwa sampuli. Mara ya kwanza, mwaka 2018 walipokusanya habari za 2017, waliandikia kampuni takriban 850,000. Miaka mingi iliyofuata ilikuwa karibu 300,000. Wewe uko peke yako na lori lako, kwa hiyo unahesabiwa kwa njia nyingine: wanaunganisha kumbukumbu za kodi na takwimu ambazo serikali tayari inazo, bila kukuandikia. Zamani, kwenye utafiti wa wamiliki uliofanyika kila miaka mitano, hata mtu wa lori moja angeweza kuandikiwa. Ule wa mwisho ulikuwa wa 2012.

Sasa nirudi kwa kaka Mvita, kwa sababu kuna neno moja uliloandika limenikaa moyoni. Umesema mke wako "hunisaidia jioni tu".

Nina mteja, sitamtaja, alikuja ofisini kwangu na dodoso hili akiwa peke yake. Kampuni ya wazee majumbani, nusu yake nusu ya mkewe. Tulipofika saa za mke akasema, weka kidogo, yeye yuko nyumbani. Nikamuuliza: muuguzi akikosa kufika saa kumi na moja alfajiri anampigia nani? Mke. Nani anaandaa karatasi za mishahara? Mke. Nani alikaa na mkaguzi wa jimbo siku nzima? Mke. Tulikaa kimya kidogo, kisha akampigia simu aje. Mama yule alikuja na daftari lake. Tulihesabu saa 55 kwa wiki.

Ndiyo maana nakuomba usijaze sehemu yake wewe. Pale pameandikwa mmiliki wa pili, na mmiliki wa pili ni mtu, ana kumbukumbu zake. Mkalishe mezani, msomee swali, andika anachosema yeye. Ukiandika "alipewa" wakati alikuwepo siku ya kwanza, umemtoa kwenye historia ya kampuni yake kwa kubofya mara moja, na mbele ya serikali.

Mnaweza kuniona nalikuza jambo. Ngoja niseme kwa nini. Dada mmoja alitaka kufungua kituo cha kulelea watoto, akanitaka nimtafutie takwimu za wanawake weusi wenye biashara kama hiyo kwenye kaunti yetu, apeleke benki. Nilifungua majedwali ya Sensa. Kwenye mstari wetu, mahali pa namba, palikuwa na herufi S. Herufi S inamaanisha makadirio hayakufikia kiwango cha kuchapishwa. D ni nyingine: namba ipo lakini imefichwa ili kampuni moja isitambulike. Mimi nawafahamu wanawake hao kwa majina, naandaa kodi zao, nimekula harusini kwao. Kwenye jedwali walikuwa S. Dada yule alikwenda benki bila karatasi.

Kampuni zenye wafanyakazi zilizomilikiwa na watu weusi zilihesabiwa kama 109,000 kwenye utafiti wa 2012, na takriban 161,000 kwa mwaka 2021. Njia za kuhesabu zilibadilika kati ya tafiti hizo, kwa hiyo tusizilinganishe kwa pupa. Lakini kila moja ya namba hizo imetokana na watu waliokaa mezani wakajibu barua kama hiyo yako.

Kipanga_wa_Juu

Dada, nimekuelewa kuhusu mke wa kaka. Ila hukunijibu kuhusu Wajapani.

Bi_Hesabu

Nakujibu, na sitakuficha. Ulichosema ni kweli. Sheria ya vita ya 1942 ililegeza usiri wa sensa, na mwaka 1943 Ofisi ya Sensa ilitoa majina ya watu wenye asili ya Kijapani waliokuwa Washington, D.C. Ruhusa hiyo ilifutwa mwaka 1947.

Leo kifungu cha 9 cha Sura ya 13 kinakataza majibu ya kampuni kutumika kwa kazi isiyo ya takwimu. IRS, yaani watu wa kodi, hawawezi kuyachukua wakukague nayo, wala uhamiaji. Mfanyakazi wa Sensa anayetoa siri anaweza kufungwa hadi miaka mitano na kupigwa faini hadi dola 250,000. Kuna jambo lingine ambalo wahasibu wengi hawalijui: mwaka 1961 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, kwenye kesi ya kampuni ya karatasi ya St. Regis, kwamba nakala ya dodoso iliyobaki kwenye kabati la kampuni yenyewe haina kinga. Mwaka uliofuata Bunge likabadili sheria, na nakala hiyo sasa nayo inalindwa, haiwezi kudaiwa mahakamani bila ridhaa yako. Kwa hiyo kaka Mvita, chapa nakala yako uitunze.

Sheria huandikwa na watu na watu wanaweza kuibadili, hofu yako naiheshimu. Mimi nimeamua kujibu, na kuipigania sheria hiyo ibaki ilivyo.

Masafa_Marefu

Asante dada kwa maelezo. Nafikiria kuajiri dereva wa pili mwakani. Nikipata barua nitakutafuta.

Mvita_Ohio

Dada Bi Hesabu, Mungu akulipe. Nilipiga simu, barua ni yao kweli.

Jana usiku baada ya watoto kulala nilimwita mke wangu mezani. Hakutaka kwanza, kwa sababu ya ile simu ya matapeli. Nikamsomea ulichoandika kuhusu yule mama mwenye daftari. Akaingia chumbani akatoka na lake. Sikujua kama analo. Kaandika kila ofisi tunayosafisha, siku ya kuanza, nani alikosa zamu na nani alimshikia. Mara nyingi aliyeshika zamu ni yeye.

Ukurasa wa kwanza una tarehe ya Februari, wiki tano kabla ya mimi kuacha kazi ya ghala. Ni ofisi ya daktari wa meno aliyoipata yeye mwenyewe, akaisafisha peke yake usiku, akitumia mashine ya mazulia ya kukodi. Mimi hesabu yangu ya kampuni ilianzia Aprili, siku tuliposajili jina.

Tumeweka 50 na 50. Saa zake 48, zangu 52. Asili mimi nimetia alama visanduku viwili, yeye kimoja. Kwenye swali la kuipata biashara, wote wawili tumejiandika waanzilishi, na mouse aliishika yeye. Nakala iko ndani ya daftari lake.