Naombeni ushauri: programu yangu ya mzani inakula RAM mpaka kompyuta inaganda

Kijana_wa_Vwawa:
Wakuu habari za jioni. Niko Mbozi, nimeandika programu ya C++ ya kurekodi kilo za wakulima kwenye CPU moja ya ushirika huku. Mkulima anapima, jina linatokea, risiti inatoka. Shida ni kumbukumbu. Ikianza iko MB 80, baada ya saa mbili GB 3 na ushee, mashine inaganda. Nimekagua mpaka macho yanauma. Sijaandika new wala delete (kuomba na kurudisha kumbukumbu kwa mkono) hata sehemu moja, kila kitu ni pointa erevu zinazojifutia zenyewe, shared_ptr peke yake, kwa hiyo kumbukumbu kuvuja haiwezekani. Nahisi ni Windows. Je, mashine yenye RAM kubwa zaidi itamaliza tatizo? Jumatatu natakiwa kuonyesha kazi, silali.

Fundi_Mwanjelwa:
CPU na RAM ni vitu viwili tofauti mkuu, rudi darasani.

Kijana_wa_Vwawa:
CPU ya kahawa kaka. Mtambo wa kumenyea.

Fundi_Mwanjelwa:
Aaah. Si ungesema mtambo. Sisi wa huku tunajua viazi.

BabaNeema:
Tatizo ni C++ yenyewe. Hamia Python, inajisafisha. Mimi niliachana nayo 2014 na presha ikashuka.

Mkongwe_Iringa:
Python nayo inahesabu vilevile nani kashika nini, ila ina mfagiaji wa pembeni anayesaka mizunguko ya vitu vilivyoshikana. C++ haina. Mleta mada, kwenye klasi zako mkulima kashika nini, na nani kamshika mkulima?

Kijana_wa_Vwawa:
Mkulima ana vekta, yaani orodha, ya mizigo yake. Kawaida tu.

Mkongwe_Iringa:
Nimeuliza mawili, umejibu moja.

Kijana_wa_Vwawa:
Mzigo nao una shared_ptr ya mkulima. Lazima iwepo jamani, risiti inataka jina na namba ya uanachama. Na hilo nimeshalipatia njia: saa sita mchana programu inajifunga na kujiwasha yenyewe watu wakiwa wanakula. Mimi nimeuliza habari ya RAM.

Mkongwe_Iringa:
RAM iache kwanza. shared_ptr ni kaunta. Kila nakala inapandisha moja, ikiachiwa inashuka, ikifika sifuri kitu kinafutwa. Mkulima mwenye mizigo 40 anahesabiwa 41: daftari lako moja, na mizigo yake 40. Ukimtoa kwenye daftari inabaki 40. Mizigo haimwachii mpaka ifutwe, na haifutwi kwa sababu yeye kaishika. Wamebaki wameshikana mashati humo ndani, na wewe huna tena njia ya kuwafikia. Ungekuwa kwenye Linux ingekuwa vilevile.

Jiulize mwenye mali ni nani. Mkulima ndiye mwenye mizigo. Mzigo unamfahamu tu mkulima, haummiliki. Upande wa mzigo weka weak_ptr, iliingia rasmi C++11 mwaka 2011 pamoja na hiyo shared_ptr yako. Yenyewe haimshikilii mtu.

BabaNeema:
Basi ahamie Rust.

Mkongwe_Iringa:
Rc ya Rust, kaunta kama hiyo shared_ptr, ukiizungusha hivyo nayo inavuja. Baba Neema, wewe kila ugonjwa dawa yako ni kuhama nyumba.

Dada_wa_Makambako:
Sijaelewa hata nusu, ila mmenikumbusha kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Nilimdhamini jirani, jirani akanidhamini mimi. Nikitaka kujitoa naambiwa hutoki mpaka jirani amalize deni. Jirani naye anaambiwa mpaka mimi nimalize. Mwaka mzima tunatazamana kwenye vikao kama majogoo. Mwisho mume wake ndiye akalipa, na anatamba nalo mpaka leo kila akinikuta sokoni.

Kijana_wa_Vwawa:
Pole dada. Mkongwe, weak si ndiyo dhaifu? Mkulima akifutika katikati ya risiti itakuwaje? Hela za watu hizi.

Mkongwe_Iringa:
Kabla ya kumgusa unaita lock(). Kama yupo unapewa shared_ptr ya muda, hafutiki mpaka umalize risiti. Kama hayupo unapewa tupu, na ukiikagua unajua hayupo. Hiyo unayoiona imara ndiyo inayokugandishia mashine.

Ulanzi_Baridi:
Wazee, nimesoma mara mbili. Leo ni Februari. Shamba la baba liko hukohuko Mbozi, kahawa tunaanza kuchuma Mei, Juni. Mtambo saa hizi una kufuli. Hao wakulima wanaopima kahawa wametoka nchi gani? Hii ni chai, tena ya Mufindi, imechujwa vizuri. Ni asaimenti ya chuo hii, mtu anatafutiwa majibu.

Fundi_Mwanjelwa:
Nilijua! Na mimi nilianza kumhurumia.

BabaNeema:
Halafu Mbozi iko Songwe tangu 2016, uzi huu uko jukwaa la Mbeya.

Kijana_wa_Vwawa:
Si chai. Mtambo umefungwa kweli. Nimechukua rekodi za msimu uliopita, nazipitisha mbiombio kuijaribu, ndiyo maana inajaa kwa saa mbili. Ya watu kula mchana nilikuwa nawazia msimu ukianza.

Kuna jambo sikusema. Wiki iliyopita nilimwambia katibu tatizo ni RAM ndogo. Wameshalipia ya GB 16, inapanda gari kutoka Mbeya Jumamosi. Nikisema leo kosa lilikuwa langu, nusu ya malipo iliyobaki sijui kama nitaiona.

Ulanzi_Baridi:
Hapo nimekuamini. Uongo wa namna hiyo mtu hausingizii.

Dada_wa_Makambako:
Mdogo wangu, mpigie katibu usiku huuhuu, gari halijaondoka.

Fundi_Mwanjelwa:
Usimpigie. Ikifika niletee, naichukua kwa nusu bei.

Kijana_wa_Vwawa:
Mrejesho. Nimebadilisha mstari mmoja kwenye mzigo, na kwenye destrakta, ile inayoitwa kitu kikifutwa, nikaweka iandike "kwaheri" na jina. Jamani, kwaheri zinamiminika mpaka siwezi kuzisoma. Saa mbili zimepita, iko MB 140. Inapanda bado, ila kidogokidogo. Katibu sijampigia.

Mkongwe_Iringa:
Dirisha la risiti linafunguka upya kwa kila mkulima?

Kijana_wa_Vwawa:
Ndiyo, na kila moja linafungua mawasiliano yake na mzani.

Mkongwe_Iringa:
Na lambda, kile kipande cha kodi kinachopokea kilo kutoka kwenye mzani, ndani yake imeshika nini?

Kijana_wa_Vwawa:
Narudi.