Vyuo vya Marekani vikiguswa mfukoni vinakimbilia mahakamani, mwanafunzi akiguswa anatumiwa barua pepe

Wakuu, leo mnivumilie, nina hasira.

Mdogo wangu yuko Dar. Barua ya udahili wa uzamili anayo, I-20 (fomu ya chuo ya kuombea visa) anayo, dola 350 za SEVIS, ada ya serikali ya Marekani kwa wanafunzi wa kigeni, zimeshalipwa. Ila tangu Januari 1, 2026 Tanzania iko kwenye orodha ya nchi zilizositishiwa visa za wanafunzi. Burundi walitutangulia, Juni 2025. Chuo kilichomdahili, ambacho na mimi ndiko ninakosoma, kimefanya nini? Kimetuma barua pepe: "Tunafuatilia suala hili kwa karibu." Mnalifuatilia mkiwa wapi, kwenye kochi?

Na si kwamba hawana watu Washington. Wana ofisi nzima ya mahusiano na serikali kuu, wanakodi washawishi wa kulipwa, na kwa sheria ya ushawishi ya 1995 matumizi hayo yanaripotiwa kila robo mwaka. Ripoti ziko wazi mtandaoni, kajisomee. Bado hujahesabu vyama vya vyuo vyenyewe: AAU (vyuo vikubwa vya utafiti) ya tangu 1900, APLU (vyuo vya umma), ACE (vyuo vya kila aina).

Wakitaka, wanaweza. Ijumaa ya Februari 7, 2025 NIH, taasisi ya serikali inayofadhili utafiti wa afya, ilitangaza kwamba fungu la gharama za uendeshaji ambalo chuo hulipwa juu ya ruzuku ya utafiti lisizidi asilimia 15. Kuna vyuo vilikuwa vinapata zaidi ya 50. Jumatatu tu vyama vyote vitatu vimeshafungua kesi Boston, na jaji akazuia.

Njoo kwenye kodi ya mifuko yao ya akiba. Baraza la Wawakilishi lilipitisha kiwango cha juu cha asilimia 21. Ilipotoka Seneti imekuwa 8, na vyuo vyenye wanafunzi chini ya 3,000 vimesamehewa kabisa. Sasa sikia: sheria hiyohiyo, iliyosainiwa Julai 4, 2025, inafuta Grad PLUS, mkopo wa serikali kwa wanafunzi wa uzamili, kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 1, 2026, na mwanafunzi wa uzamili amewekewa ukomo wa dola 20,500 kwa mwaka. Barua za kupinga ziliandikwa, sikatai. Lakini nani alitoka na nafuu pale?

Najua kuna atakayeniambia Harvard ilishtaki Mei 2025 kutetea wanafunzi wa kigeni. Ilishtaki kwa sababu kibali cha kuwadahili kilichofutwa ni chake. AAU nao wameenda mahakamani kupinga ada ya dola 100,000 ya H-1B, visa ya kazi ya wataalamu wa kigeni, kwani hao ni watafiti wanaowaajiri wao. Watoto wa Dar na Bujumbura hata tukijumlishwa hatutikisi bajeti ya mtu.

Kilichonimaliza ni barua pepe nyingine ya juzi, eti "Paza sauti yako". Unabonyeza, unaweka msimbo wa posta, barua kwenda kwa seneta inajitokeza imeshaandikwa, kazi yako kutia jina. Aya nne, zote fedha za utafiti. Visa haikutajwa hata kwa bahati mbaya. Na wanamtumia nani? Mimi, nisiyepiga kura hapa!

Nimeiandikia hiyo ofisi niambiwe nani ameenda Wizara ya Mambo ya Nje kuwasemea wanafunzi wetu, na lini. Kimya. Mlio vyuo vingine, ninyi mmejibiwa nini? Wekeni hapa tuone.