Ukarabati wa pinboli ninaoueleza kwa ukweli unageuzwa kuwa kasoro ya mashine

Waungwana, nimenyamaza kwa muda mrefu nikidhani kwamba ni bahati mbaya tu, lakini wiki iliyopita mnunuzi wa nne mfululizo alichukua maelezo niliyoyaandika mwenyewe kuhusu mashine yangu na kuyatumia kunidai nipunguze bei, kwa hiyo nimeona niseme waziwazi kinachonikera.

Ninakarabati mashine za zamani za pinboli, yaani zile za mchezo wa kupiga gololi ya chuma juu ya ubao ulioinama, na kuziuza. Ninaposema ninakarabati, simaanishi kupangusa kioo na kuweka taa mpya. Ninamaanisha kufungua kila kitu kilichofungwa juu ya ubao wa mchezo, kuanzia bampa (vikingio vinavyoirusha gololi), vigingi na plastiki hadi reli za pembeni, kupiga picha kila hatua ili kila skrubu irudi ilipotoka, kusafisha swichi moja baada ya nyingine, kubadilisha mirija ya plastiki iliyo ndani ya koili (sumaku za umeme zinazosukuma vipuri), kujenga upya flipa zote (mikono midogo ambayo mchezaji hupigia gololi), kupima kila fyuzi kwa sababu mafundi wengi waliopita waliweka fyuzi kubwa kupita kiasi ili mashine isizime, na kisha kuicheza kwa siku kadhaa hadi matatizo yaliyojificha yajitokeze. Kazi hiyo hunichukua miezi. Halafu naandika tangazo na kueleza kila nilichokikuta na kila nilichokifanya, kwa sababu naamini mnunuzi ana haki ya kujua anachokinunua.

Malalamiko yangu ni kwamba uaminifu huo ndio unaoniadhibu. Kila tatizo nililolitatua mnunuzi hulisoma kama tatizo lililopo. Nikiandika kwamba flipa zilikuwa dhaifu nikazijenga upya, anaona “flipa dhaifu”. Nikiandika kwamba viunganishi vya waya vilikuwa vimeungua nikaviweka vipya, anaona “vimeungua”. Yule aliyeandika maneno mawili tu, “inafanya kazi”, anauza kabla yangu, na anauza mashine ambayo hakuwahi hata kuifungua ndani.

Chukueni mashine iitwayo Eight Ball, ya kampuni ya Bally, ya mwaka 1977, ambayo ndiyo iliyonifikisha kwenye hasira hizi. Katika mashine za kizazi hicho, betri ndogo ya kuchajiwa ilichomelewa moja kwa moja kwenye bodi kuu ya saketi inayoendesha mashine ili kumbukumbu ya alama za juu isifutike umeme ukizimwa. Betri hiyo ikizeeka huvuja, na maji yake hutambaa kimyakimya kwenye njia za shaba, yakala miguu ya vipuri na soketi za chipu, hadi siku moja mashine inakataa kabisa kuwaka. Bodi niliyoikuta ilikuwa imeshaanza kuwa ya kijani pembeni. Niliing'oa betri, nikaiosha bodi kwa siki na kuisuuza, nikabadilisha soketi, nikaunganisha kwa waya mwembamba njia zilizokatika, na nikaweka betri mpya mbali na bodi ili hata ikivuja isiharibu kitu. Wanaoijua kazi hii wanakumbuka furaha ya kuwasha umeme na kuiona ile taa ndogo nyekundu ya bodi ikiwaka na kuzima mara saba, kwa maana hiyo ndiyo ishara kwamba bodi imejikagua na imepita.

Mnunuzi aliposoma maelezo hayo aliniandikia hivi: “Kumbe bodi yake ilishaharibika? Basi siwezi kutoa bei hiyo.” Nilimweleza kwa upole kwamba takriban kila mashine ya aina hiyo ambayo betri yake ya awali haikuondolewa mapema ina jeraha hilo au inalisubiri, na kwamba tofauti pekee kati ya yangu na nyingine ni kwamba yangu imetibiwa. Hakusikia. Alikwenda kununua nyingine ya aina ileile kwa mtu ambaye tangazo lake halikutaja bodi kabisa. Baada ya wiki chache alinirudia, bila hata kuomba radhi, akiniuliza kwa nini mashine yake inawasha taa bila kuanza mchezo, na akaniomba nimwelekeze namna ya kuitengeneza. Nilimwomba anitumie picha ya bodi. Betri ya zamani ilikuwa bado imekaa palepale, imevaa ukungu mweupe na kijani. Nilimweleza la kufanya, kwa sababu mashine haina kosa, lakini siku ile sikulala vizuri.

Wapo pia wanaonijia na takwimu. Wananiambia kwamba Eight Ball si adimu kwa kuwa zilitengenezwa 20,230, na kwamba haikuzidiwa kwa mauzo hadi ilipokuja The Addams Family ya mwaka 1992 iliyofikia 20,270. Takwimu hizo ni za kweli, lakini wanazitumia vibaya. Idadi iliyotoka kiwandani miaka mingi iliyopita si idadi ya zile ambazo leo zina ubao usiokwanguka, kioo cha picha cha kichwani kisichobanduka rangi na bodi isiyoliwa. Maelfu ya mashine hizo zilipigwa mateke kwenye mabaa, zikahifadhiwa kwenye maghala yenye unyevu, zikang'olewa vipuri ili kuokoa nyingine. Mtu anayetaka kulinganisha bei na alinganishe hali na hali, asilinganishe jina na jina.

Sehemu kubwa ya lawama naipeleka kwa wauzaji wenzetu waliolichakaza neno “imekarabatiwa”. Mtu anaosha ubao kwa sabuni, anabadilisha pete za raba, anabandika taa za LED za rangi zote mahali palipokuwa na balbu za kawaida, kisha anatangaza kwamba ni ukarabati kamili. Ndani ya sanduku nyaya zimefungwa kwa gundi ya karatasi na koili zimefanya uvungu kuwa mweusi kwa moto. Mnunuzi akichomwa mara moja na mtu wa namna hiyo, anayefuata kumlipia ni mimi, kwa sababu ananijia akiwa ameshaamua kwamba nami ni mwongo, na maelezo yangu marefu anayaona kama dalili ya mtu anayeficha jambo. Yaani ufupi wa tapeli unaaminika na urefu wa mkweli unatiliwa shaka.

Halafu kuna suala la uasilia, ambalo limenichosha kuliko yote. Mashine moja ya kampuni ya Gottlieb ya miaka ya 1960 ilikuwa na kioo cha picha ambacho rangi yake, iliyochapwa kwa nyuma ya kioo, ilikuwa imeanza kubanduka kama magamba kutokana na joto la balbu na unyevu. Niliamua kutoipaka upya, bali kuizuia isiendelee kubanduka kwa kuifunika na utando wa uwazi, kwa kuwa mkono wangu hauwezi kuiga mkono wa mchoraji wa wakati ule. Mnunuzi wa kwanza alisema mashine haijakarabatiwa kwa sababu kioo kina mapengo. Kwenye ubao wa mashine hiyohiyo nilijaza rangi sehemu chache zilizolika hadi kwenye mbao, karibu na mdomo wa shimo ambamo gololi huangukia, kisha nikaufunika kwa vanishi. Mnunuzi wa pili alisema nimeiharibu kwa sababu nimeigusa rangi ya asili. Mashine ni moja, tangazo ni moja, na wote wawili walihitimisha kwa neno lilelile la kutaka bei ishuke. Ningefanya nini ambacho kisingehesabiwa kuwa kosa?

Na mashine hizo za kabla ya kompyuta, ambazo alama zake huhesabiwa kwa magurudumu ya namba yanayosukumwa na koili, zina mateso yao ya pekee sokoni, kwa sababu watu huzihukumu kwa kanuni za mashine zilizokuja baadaye. Mnunuzi mmoja aliijaribu ile Gottlieb kwa karibu nusu saa, akafikisha alama za kutosha, akaona anapewa gololi ya ziada badala ya mchezo wa bure. Akaniambia kwamba nimeunganisha nyaya vibaya. Nilimweleza kwamba kuanzia mwaka 1960 Gottlieb walitengeneza mashine za aina hiyo kwa makusudi, kwa ajili ya maeneo ambayo sheria zake zilihesabu mchezo wa bure kuwa zawadi ya kamari, na kwamba hiyo si hitilafu bali ni sehemu ya historia iliyohifadhiwa ndani ya mashine yenyewe. Ukumbukwe wakati ule: hata jiji la New York lilipiga marufuku pinboli tangu mwaka 1942, na marufuku hiyo haikuondolewa hadi 1976. Badala ya kufurahia kwamba ameshika mkononi kitu kinachosimulia wakati huo, alisema kwamba mashine isiyotoa mchezo wa bure ina thamani ndogo kwake. Basi iwe kwake, lakini asiniambie kwamba nimeiharibu.

Mwingine alilalamika kwamba flipa ni fupi na akauliza kama nilikosa za ukubwa sahihi. Flipa za mashine ile ni za inchi 2 kwa sababu ndivyo zilivyokuwa, kwani zile ndefu za inchi 3 zilianza kuenea mwishoni mwa miaka ya 1960. Ufupi huo ndio mchezo wenyewe. Unakulazimisha uilenge gololi mapema, uisukume mashine kwa kiganja bila kuifanya igome na kukatiza mchezo kwa kutikiswa mno, uchague saa ya kupiga badala ya kupiga ovyo. Mwingine akasema gololi inatembea polepole, naye alikuwa amezoea mashine za miaka ya 1990 ambazo ubao wake huinamishwa takriban nyuzi 6.5, ilhali hizi za zamani zilisanifiwa kwa mwinamo mdogo zaidi. Nikiinua miguu ya nyuma ili kumridhisha, gololi itakimbia moja kwa moja hadi shimoni na mchezo utakosa maana. Nimekataa kufanya hivyo na nitaendelea kukataa.

Naelewa kwamba wengi wanatafuta mashine za miaka ya 1990, zenye skrini ya nukta na sauti, na sina ugomvi na mapenzi ya mtu. Hata huko hali imebadilika, maana Medieval Madness ya mwaka 1997 imetengenezwa upya na kampuni ya Chicago Gaming, na anayeuza ya awali analazimika kueleza kwa nini ya zamani inastahili kuangaliwa wakati mpya ipo. Lakini ninachokipinga ni mtu anayetafuta ya 1992 kuja kuidharau ya 1965 kwa kuwa si ya 1992.

Usafirishaji nitausema kwa ufupi. Mashine ina uzito unaozidi kilo 100, kichwa chake hufunguliwa na kutenganishwa, miguu hutolewa, na gololi lazima itolewe kabla ya safari, la sivyo kipande hicho cha chuma cha gramu 80 kitagongagonga kioo na ubao njia nzima. Naandika hayo yote. Bado alikuja mtu na gari dogo, peke yake, akitaka tuisukumize na kichwa chake kikiwa juu, na nilipokataa akasema ninamwekea masharti. Mwingine nilimpa maelekezo kwenye karatasi, akaibeba atakavyo, kisha akanitumia picha ya plastiki iliyovunjika akidai nimrudishie sehemu ya fedha.

Kwa hiyo kuanzia sasa nimebadilisha utaratibu, ingawa sitabadilisha maelezo. Nitaendelea kuandika kila kitu, pamoja na picha za bodi kabla na baada, na picha za uvungu wa ubao ambazo wengi hawaombi kwa sababu wanataka kuona kioo cha picha tu. Anayetaka kununua aje na tochi, afungue mlango wa sarafu, ainue ubao, aone nyaya na koili kwa macho yake, kisha acheze hadi atosheke. Ujumbe wa “bei ya mwisho ngapi” kutoka kwa mtu ambaye hajainua ubao sitaujibu. Na nikiambiwa kwamba kazi niliyoifanya ni kasoro, nitamwomba anitajie mashine ya umri huo anayoijua ambayo haikuhitaji kazi hiyo, kisha anioneshe bodi yake.

Eight Ball bado iko kwangu, inawaka mara saba kila ninapoiwasha. Ninaomba wenzangu mnaouza mashine zilizofanyiwa kazi ya kweli mniambie: je, mnaandika matatizo yote mliyoyakuta, au mmeamua kuyanyamazia ili muuze? Na ninyi mnaonunua, mlipokuta tangazo lenye maelezo marefu ya ukarabati, mlisoma nini ndani yake kilichowafanya mkimbilie lile lenye maneno mawili?