Kiraka cha dari

*Kikundi: Nyumba ya Barani, Malindi*

Mama Rehema: Asalaam aleikum. Lile doa la dari ya ukumbini lazidi kukua. Juzi lilikuwa kama sahani, leo ni ramani ya Pate. Na katikati bodi ya jipsam imeshuka tumbo.

Swaleh: Waleikum salaam mama. Usiite fundi. Nakata mwenyewe, nabandika kipya.

Swaleh: [picha] Nishakata. Nimefuata doa.

Mjomba Athman: Swaleh, hilo ni tundu au pweza?

Swaleh: 😂 Shikamoo mjomba

Mjomba Athman: Marahaba. Maji yaingilia wapi?

Swaleh: Sijapanda bado

Mjomba Athman: Wakalafati jahazi na hujui lavuja wapi? Panda kwanza. Na meni, swichi kuu ya umeme, ulizima? Waya wa feni wapita papo hapo.

Zuhura: Hakuzima. Mimi nilikuwa natazama mpira wakati yeye anakereza.

Mjomba Athman: Subhanallah.

Mama Rehema: Makochi yangu yamekuwa meupe kama yamemwagiwa unga. Na mavi ya popo yameanguka kikombe kizima.

Mjomba Athman: Hayo yasifagiwe makavu, vumbi lake baya kwa kifua. Vaeni barakoa, nyunyizeni maji, ndipo muyazoe.

Swaleh: Nimepanda. Ni msumari wa bati mmoja tu. Kile kimpira chake kimekauka kikapasuka, msumari wenyewe wachezacheza.

Mjomba Athman: Ung'oe. Tia skrubu ya bati nene kidogo yenye mpira mpya. Kisha mwaga ndoo ya maji juu, Zuhura akae chini aangalie. Pakiwa pakavu, sasa sikiliza:

Huyo pweza mfanye mraba. Gonga dari usikie mbao ziko wapi, ukate hadi katikati ya mbao, ili bodi ya zamani ibaki na nusu na kiraka kipate nusu ya kushikia. Upande usio na mbao, pitisha kipande cha mbao ya mbili kwa mbili ndani ya tundu, nusu kifichwe juu ya bodi ya zamani, nusu kionekane, ukifunge kwa skrubu kutoka chini. Kiraka kikate kidogo kuliko tundu, milimita 2 au 3. Kwa msumeno utajaza nyumba vumbi bure: chora kwa kisu upande wa mbele, kivunje kwa goti, ukate karatasi ya nyuma. Skrubu izame kidogo tu, usipasue karatasi, ikipasuka haishiki.

Swaleh: Sawa mjomba

Swaleh: [picha] Mbona kimetokeza chini kama kigingi?

Mjomba Athman: Umenunua bodi ya ngapi?

Swaleh: 12. Hadwea wamesema ndiyo ngumu.

Mjomba Athman: Ya zamani je? Si una kipande mkononi, pima.

Swaleh: 9 🤦🏾‍♂️

Zuhura: Milimita tatu zimemtoa jasho kuliko msumari.

Mama Rehema: Mwacheni mwanangu. Swaleh, rudi dukani kabla ya Maghrib.

*Kesho yake*

Swaleh: [picha] Kimekaa sawa! Tepu ya wavu na fila ya kuziba maungio nimeshatia, mkono mmoja, yaani tabaka moja.

Mama Rehema: Mashallah. Mchana hata sioni kilipo.

Zuhura: Usiku lakini washeni ile taa ya ukutani. Mraba wote waonekana, kama kiraka cha kanzu.

Mjomba Athman: Mwanga wa ubavuni hausitiri. Fila yataka mikono mitatu, kila mmoja mpana kuliko uliotangulia, na kila mmoja ukauke. Msasa laini, taa hiyo hiyo ikiwaka.

Swaleh: Rangi nilitaka kupaka leo

Mjomba Athman: Ya maji?

Swaleh: Ndiyo

Mjomba Athman: Pembeni bado kuna doa kwenye bodi ya zamani. Ukipaka ya maji juu yake, ile rangi ya chai itachomoza tena. Anza na andakoti ya mafuta, ile rangi ya chini. Usiguse kitu, naja Alhamisi na msasa wangu.

Mama Rehema: Karibu. Nitapika wali wa nazi. Makochi nimeyafunika.