Njia ya kwenda angani iachwe kwa kampuni moja? Tujadili

Wadau habari za jioni. Juzi nimebishana sana na ndugu yangu mmoja, yeye anasema SpaceX, kampuni ya roketi ya Elon Musk, imeshaonyesha kwamba serikali haina kazi angani, NASA (shirika la anga la serikali ya Marekani) ifungwe tu watu binafsi waendelee. Mi nimekataa, ngoja nieleze kwa nini halafu na nyie mseme.

Kwanza SpaceX haki yao niwape. Zamani roketi ilikuwa inarushwa mara moja inadondokea baharini na injini zake zote, ni kama ununue basi jipya Dar likufikishe Mwanza halafu ulisukumie ziwani. Hawa jamaa wakasema ile sehemu ya chini ya roketi yao ya Falcon 9 yenye injini 9, ambayo ndo imekula hela nyingi, lazima irudi. Ikishaachana na ya juu, dakika mbili na nusu hivi tangu iruke, inajigeuza, inawasha tena baadhi ya injini kupunguza mwendo, inakunjua miguu inatua wima. Desemba 2015 wakaweza, Machi 2017 wakarusha tena iliyokwishatumika, na sasa zipo zilizoruka zaidi ya mara 30. Hata Taifa-1, setilaiti ya Kenya, ilipanda na Falcon 9 Aprili 2023, imechangia safari na setilaiti za wengine kama abiria wa daladala, maana kukodi roketi nzima nchi zetu tungetoa wapi hela. Hapo nawavulia kofia kabisa.

Ila habari ya kwamba wamejijenga wenyewe sikubali. Falcon 1, roketi yao ya kwanza, ilifeli mara tatu mfululizo, ya tatu Agosti 2008, hela ilikuwa inakata, ya nne ndo ikafika Septemba mwaka huohuo. Desemba NASA ikawapa mkataba wa dola bilioni 1.6 wa kupeleka mizigo kwenye kituo cha kimataifa cha anga. Hiyo ni kodi ya Wamarekani jamani, na iliwakuta wako pabaya.

Sasa njoo kwenye watu. Shuttle, vyombo vya NASA vilivyokuwa vinabeba watu, zilipostaafishwa 2011 Marekani ilikaa karibu miaka 9 inanunua siti kwa Warusi, kwa hiyo NASA ikaona isirudie kosa, 2014 ikagawa kazi kwa kampuni mbili, Boeing na SpaceX, moja ikikwama nyingine ipo. Juni 2024 Boeing ikapeleka watu wawili, Butch Wilmore na Suni Williams, safari ya kama wiki moja hivi, chombo kikasumbua kikarudishwa kitupu, wao wakabaki huko mpaka Machi 2025 wakaletwa na Dragon, chombo cha SpaceX cha kubeba watu. Ndugu yangu anasema si umeona, SpaceX inatosha! Mi naona hapohapo ndo hoja yake inapokufa, kwa sababu waliokolewa na ile njia ya pili, na sasa kwa Wamarekani imebaki moja tu inayofanya kazi vizuri.

Halafu Juni 2025 Musk akakorofishana na Trump, akaandika hadharani kwamba anaanza kuiondoa Dragon kazini. Baada ya saa chache akabadili maneno, sawa, lakini fikiria kuna watu wako juu na chombo chao cha kurudi nyumbani kimeingizwa kwenye ugomvi wa wakubwa wawili. Mi hilo liliniuma kweli.

Kwa hiyo msimamo wangu, serikali iendelee kulipa ili kampuni ya pili isimame, hata kama ni ghali zaidi, na inawezekana maana Blue Origin, kampuni ya Jeff Bezos, nao Novemba 2025 walifanikiwa kutuisha sehemu ya chini ya roketi yao ya New Glenn. Anayesema ni kupoteza hela anijibu hili: Julai 2024 Falcon 9 ilisimamishwa kama wiki mbili kwa hitilafu ya sehemu ya juu, je ingekuwa miezi nane, nani angepeleka watu?