Naomba ushauri: sukari ya mama iko chini, lakini raha hana

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Mama yangu ana miaka 76, na kisukari aina ya pili anacho siku nyingi. Anatumia vidonge vya kushusha sukari, metfomini na glibenklamidi. Kipimo cha HbA1c, kile cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, kimesoma 6.3% na sisi watoto tukashangilia. Yeye wala.

Kila akinyoosha mkono mezani kuna wa kumkataza, hata mjukuu siku hizi anamwambia "bibi, hiyo hapana". Matokeo yake anakula vijiko viwili vitatu, anasema ameshiba, halafu dawa anameza zote. Juzi alfajiri tulimkuta kalowa jasho, anatetemeka, anaongea maneno yasiyoeleweka. Mashine ya sukari ikasoma 3.1 mmol/L, yaani imeshuka mno. Tulimpa maji ya sukari akarudi sawa, ila sasa anaogopa kulala peke yake.

Nimesoma kwamba kwa wazee wenye maradhi mengine madaktari wengi huridhika na HbA1c chini ya 8%, na kwamba glibenklamidi huwashusha sana sukari wazee, hasa figo zikiwa zimechoka. Dawa siigusi mwenyewe, kliniki tunaenda kesho asubuhi.

Mliouguza wazazi, mlimwelezaje daktari mpaka akapunguza au kubadili dawa? Na nyumbani mlifanyaje mzee ale vizuri bila kuchungwa kama mtoto? Miguu nayo inamfa ganzi, kutembea kaacha kabisa. Kama kuna mazoezi ya kukaa kwenye kiti yaliyowasaidia wazee wenu, nielekezeni.