Kulala nalala lakini naamka na hasira, ni mie tu?

MtotoWaMkoani:
Yakhe nisaidieni. Niko mwaka wa 2 chuo hapa Unguja, kwetu Pemba, na tokea semesta hii ianze nimekuwa mkali mpaka najishangaa. Jana mwenzangu wa chumbani kala boflo langu la asubuhi, boflo moja tu jamani, nikampigia makelele mpaka majirani wakaja kutizama kuna nini. Kitandani napanda saa 5, kuamka saa 12, masaa si haba, ila usingizi wenyewe wa mang'amung'amu, simu ikilia nishaamka, mbu, huyu kawasha taa anasoma, na ikifika saa 9 usiku nimekodoa macho naangalia dari. Kweli usingizi unaleta hasira au nimerogwa 😂

Bi_Karafuu:
Hujarogwa kaka. Kuna utafiti wa Marekani wa 2007, watu walikeshwa kama masaa 35 kisha wakaonyeshwa picha za kuudhi huku ubongo wao unapigwa picha. Amigdala, kile kijisehemu kinachoshtuka na kuwaka, kiliwaka 60% zaidi kuliko kwa waliolala, na mawasiliano yake na ubongo wa mbele unaotwambia "hebu tulia" yakalegea. Yaani breki ndo hazishiki. Ila wale walikesha kabisa, wewe unalala vibaya tu, namba ile usijivike mzima mzima.

mzee_wa_baraza:
Mbona mnausingizia usingizi? Mtu mkopo haujaingia, asaimenti hajafanya, anapanda kitandani kashanuna anajipinduapindua, huo usingizi utoke wapi? Hasira ndo zilotangulia.

Bi_Karafuu:
Ami vyote viwili, hiki kinakivuta kile. Mtoto wa Mkoani, kahawa unakunywa?

MtotoWaMkoani:
Mkopo kweli haujaingia 😅 Kahawa napiga pale baraza ya Jaws Corner, Mji Mkongwe, kila siku baada ya Isha, vikombe 4, 5, si unajua vile vidogo

Bi_Karafuu:
Udogo wa kikombe ndo unaokudanganya! Kahawa ya saa 3 usiku, ikifika saa 8 karibu nusu ya kafeini ingalimo mwilini, halafu unashangaa saa 9 unahesabu mbao za dari. Acha wiki moja, na simu iweke mbali na mto, uone.

MtotoWaMkoani:
Siku ya 4 leo. Napita barazani nanunua kashata naondoka, wananicheka. Jana nimelala mpaka adhana. Yule bwana nimemnunulia boflo jipya, kalila lote mbele yangu hata karibu hakusema, na nimenyamaza